Itega ya Mashua

Mimi hasira zangu ziko karibu, na furaha zangu pia. Mwaka ule tulipojenga mashua nyuma ya nyumba yetu huko Wamagana, zote mbili zilikuwa zinanipanda kichwani kabla ya chai ya asubuhi. Mlima uko huku, milima ya Nyandarua iko kule, na maji makubwa ya karibu ni mto ambao ng'ombe huuvuka bila kulowa tumbo. Halafu kati ya migomba na chai yetu imesimama mashua ya tanga, juu ya magogo, mlingoti wake umelazwa kando. Watu wakitoka kanisani walipitia kwetu kuitazama. Waliiita safina, na wakamuuliza mume wangu mvua itaanza lini.

Mume wangu ni fundi wa mbao. Alifanya kazi miaka kadhaa kwenye Ziwa Victoria akitengeneza boti za wenyewe, akarudi na ugonjwa usio na dawa: alitaka yake. Si ya kuvulia samaki, ya kuishi. Mpango ulikuwa tuipeleke ziwani kwa lori, tuhamie ndani, tutembee kisiwa hadi kisiwa, yeye akirekebisha boti na mimi nikishona sare za shule kwa cherehani yangu ya mkono. Watoto wetu walikuwa wamekua na kwenda zao. Aliponieleza nilingojea hasira ije, haikuja. Nilisimama jikoni nikicheka peke yangu.

Kizuizi kilikuwa kimoja: mama mkwe. Mume wangu ni kitinda mimba wake, na kwao hakuna aliyewahi kuhama bila mama kumwombea. Safari hii mama alikataa. Hakupiga kelele, alisema tu kwamba yeye haombei sanduku. Kila alipokuja aliizunguka ile mashua akiigonga kwa vidole kama mtu anayechagua tikitimaji, lakini hakupanda ngazi hata siku moja. Mume wangu akaniambia waziwazi: mama asipoomba, mashua haitoki hapa, tutafugia kuku. Namjua mume wangu, hakuwa anatania.

Nikaona njia ni moja, nimwonyeshe mama kwamba hii ni nyumba. Tukahamia ndani ikiwa bado juu ya magogo.

Ukisimama katikati yake na kunyoosha mikono, unagusa ukuta wa kushoto na wa kulia. Kitanda chetu kiko mbele, pale mashua inapochongoka, kwa hiyo vichwa vina nafasi na miguu inagombana. Ubavuni kuna kitanda kingine chembamba. Mkabala nacho ni jiko la gesi na sinki ndogo kama bakuli la ugali, na chini ya sakafu, ukiinua mbao, kuna mashimo ya kuwekea vitu. Basi. Mimi niliyekuwa na kabati la vyombo ambavyo havikutolewa ila Krismasi, nililia siku ya kwanza, tena kwa hasira. Niliweka sabuni karibu na unga, tukala chapati zinazonukia maua.

Lakini nilipoanza kuelewa, nililewa. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kupanga vitu kunaweza kumnyima mtu usingizi kwa raha. Nilitupa kila katoni, kwa sababu katoni inabeba hewa. Mchele ukaingia kwenye chupa za soda, nguo zikaviringishwa na kuwa mito ya kulalia, sufuria zikaingia moja ndani ya nyingine, na ndani ya ile ndogo kabisa nikaweka chumvi na majani ya chai. Kila kitu kilitakiwa kuwa na kazi mbili, la sivyo kinashuka. Hata mume wangu nilimuuliza kazi yake ya pili ni ipi.

Nilikwenda Nanyuki kwa mfanyabiashara anayeuza vitu vilivyoachwa na wanajeshi wa kigeni, nikapata birika linalokunjwa. Nilirudi nimelikumbatia na siku ya harusi yangu sikumbuki kufurahi namna ile. Sokoni Karatina nilipima mabeseni kwa utepe wangu wa kushonea, moja baada ya jingine, mpaka muuzaji akaniuliza kama naenda kulishonea rinda. Nikamwambia ndiyo, tena la mikono mirefu. Nilinunua pia neti za vitunguu, nikazitundika darini, na usiku upepo wa Nyandarua ulipotikisa mashua, vitunguu vilibembea nami nikajiona tayari niko ziwani.

Lori likapatikana, siku ikapangwa. Mama mkwe bado alikuwa hajakubali kuomba.

Sasa, kwetu kuna itega. Mwanamke akihamia boma jipya, wenzake wanamjia na vyakula, kuni na vyombo ili asianze maisha mikono mitupu. Niliwasihi akina mama wa kikundi chetu wasilete chochote. Niliwaeleza vizuri, nikawaonyesha hata mashimo ya sakafuni. Wakaitikia. Asubuhi ya safari nikasikia nyimbo barabarani, nikatoka, nikawaona wanakuja kwa mstari na viondo, vikapu vyetu vya kusuka, mgongoni, na mbele yao mama mkwe akiwa na kitambaa chake cha kanisani.

Walileta viazi gunia zima. Walileta mkungu wa ndizi, maharagwe meusi ya njahi, mablanketi mazito, thamosi yenye maua, sufuria ya kupikia harusi na mzigo wa kuni uliofungwa kwa kamba. Mmoja alileta kuku, mzima, anayeniangalia. Kukataa itega ni kuwatukana watu mbele ya mama mkwe, na kuikubali ni kuzama kabla ya kuona maji.

"Tuonyeshe basi," mwenyekiti wa kikundi akasema. "Si ulisema hii kitu iko na nafasi, ni kupanga tu?"

Nikapiga moyo konde, nikapanda. Nilipanga siku ile kama mtu anayeshindania kombe. Wao walinipitishia vitu kutoka chini na mimi nikavimeza: njahi kwenye mabuti ya mvua, ndizi kwenye neti, viazi sakafuni, kuni chini ya kitanda chetu. Wanawake walishangilia kila kitu kilipopotea. Mume wangu alisimama mbali ameshika kiuno. Mablanketi, thamosi, ile sufuria na viazi vilivyobaki guniani nikavirundika kwenye kitanda cha ubavuni mpaka darini, kuku akakaa juu yake. Nikatoa kichwa nje nimejaa jasho na majivuno, nikatangaza kwamba vyote vimeingia.

Hapo ndipo mama mkwe alipoinua sketi yake na kupanda ngazi. Aliingia, akasimama katikati akiinamisha kichwa, akatazama jiko, akatazama kitanda chetu, kisha akamtazama kuku.

"Nyumba iko na mlango na iko na jiko, nimeona," alisema. "Na mimi nikikuja kuwaona, nitalala wapi?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Kile kitanda mume wangu alikichonga kwa ajili ya mgeni, na wiki zote zile za kupima mabeseni sikuwahi kumtaja mgeni hata mara moja. Na mwanamke huyu, ambaye nilidhani anachukia mbao, alikuwa amezunguka nje miezi mingi akiulizia nafasi yake ndani.

Viondo vitupu vilikuwa vimerundikwa chini ya ngazi. Nikaviona, na damu ikanichemka kwa furaha. Kwetu mtu akikuletea kitu kwa kiondo, hukirudishi kitupu. Ni mwiko ambao hata watoto wanaujua.

Nikawaambia akina mama wasiondoke. Kwa kila mmoja nilibakiza kidogo cha alicholeta: kikombe cha njahi, viazi vya siku mbili tatu, chane moja ya ndizi, blanketi moja. Kilichozidi nikakirudisha kwenye viondo, lakini cha huyu kikaenda kwa yule. Aliyeleta viazi akapata ndizi, aliyeleta ndizi akapata blanketi, aliyeleta njahi akapata kuku. Sufuria ya harusi nikaikabidhi kikundi, iwe ya kuazimana. Mwanzoni walitazamana. Kisha mwenyekiti akacheka mpaka akaketi kwenye nyasi, akasema ati hajawahi kuona mtu akifanyiwa itega na kuwafanyia wageni itega papo hapo. Hakuna aliyeweza kukasirika, kila mmoja alikuwa na mzigo mgongoni.

Kitanda cha ubavuni kikabaki wazi. Nikatandika lile blanketi moja, nikalipapasa likalainika.

"Mami," nikamwambia, "hapa hapataguswa."

Aliketi pembeni ya kitanda, akavua viatu, akaniuliza avitie wapi. Nikamwonyesha mfuko niliokuwa nimeushona ukutani kwa ajili ya kamba. Nikazitoa kamba, nikaviweka viatu vyake. Akajilaza, akajaribu upande huu, akajaribu upande ule, akavuta kitambaa kikamfunika macho. Nilidhani anapima tu urefu.

"Nitaomba nikiamka," akasema.

Lori lilikuja muda si mrefu, likasimama langoni, dereva akapiga honi kwa nguvu. Nilishuka ngazi mbio bila viatu, nikamwambia azime injini, mama amelala.