Mafua Waliyousingizia Ukoo Wetu

Binti yangu alikuwa hajaanza shule alipoanza kupiga chafya za mfululizo. Zilimjia asubuhi kabla hata hajashuka kitandani, moja juu ya nyingine, mpaka machozi yakamtoka. Kisha aliipandisha pua kwa kiganja, kwa nguvu, hadi ikaota kamstari katikati. Akilala, alikoroma kama mtu mzima.

Tuliishi Bariadi, nyumba moja na mama mkwe. Kila mavuno, pamba ya shamba letu la Kasoli ilirundikwa katika chumba cha watoto ikisubiri kuuzwa. Hakuna aliyeitazama pamba. Walinitazama mimi.

"Kwetu hakuna mtoto wa kamasi," mama mkwe alisema mbele ya wageni. "Ugonjwa huu umekuja na mwanamke."

Mume wangu alikuwa hapo, anakunywa chai. Nilipomuuliza baadaye kwa nini hakunitetea, alisema, "Mama ni mtu mzima, mwache aseme."

Nikamwacha aseme. Lakini mwaka huo mama yangu mzazi alikuja kutoka Lamadi kumsalimia mjukuu, amebeba furushi la dagaa. Hata maji hajanywa, mama mkwe akamwambia kwamba mbegu mbaya imetoka kwake. Mama yangu akainamisha kichwa.

"Mtusamehe, mayu," alisema, akimwita mama kwa heshima ya Kisukuma. "Labda ni kweli. Baba yangu alisumbuliwa na kifua."

Mume wangu alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, akikata kucha. Hakuinua macho.

Mwisho nililazimisha twende hospitali. Daktari alimchungulia mtoto puani, akagusa weusi chini ya macho yake, akasema ni mzio. Akauliza kama katika familia kuna mwenye pumu au mafua yasiyoisha.

"Kwangu hakuna," mume wangu akajibu upesi. Mimi nikamtaja babu yangu.

"Msigombane," daktari alisema. "Watoto wa namna hii ni wengi kuliko mnavyodhani, ila tunasema tu wana mafua. Mara nyingi mtoto anarithi. Halafu vumbi na moshi wa kuni vinamchokoza." Akaandika dawa ya kupuliza puani, akatuambia pamba itoke chumbani siku hiyohiyo. Ikatoka, na chafya zikapungua. Lawama zikabaki palepale, maana sasa mama mkwe alikuwa na neno la daktari: mtoto amerithi.

Tukaenda Nkoma kwenye harusi. Shangazi wa mume wangu, mwanamke mchangamfu anayelima mpunga, alimpakata binti yangu. Vumbi la uwanjani likamchokoza mtoto, akaipandisha pua kwa kiganja. Shangazi akapiga makofi kwa kicheko.

"Hee! Baba yake mtupu! Mumeo alikuwa anafuta pua hivihivi. Msimu wa pamba mama yake alikuwa anamleta kwangu, kwa sababu mimi pamba silimi, apumue kidogo. Hawakukwambia?"

Nilisema hawakuniambia. Nikaomba maji, nikayanywa taratibu, kwa sababu harusi ilikuwa ya watu na sikutaka kulia mbele yao.

Tuliporudi nyumbani nilimwambia mume wangu, "Ulijua."

"Niliona aibu," alisema. "Shuleni walikuwa wananicheka. Na mama alishasema, ningempingaje?"

"Na mama yangu alipoomba msamaha?"

Ningeweza kusamehe uongo aliomwambia daktari. Kigoda kile karibu na mlango sikuweza kukisamehe.

Nilimtaka jambo moja tu: aende Lamadi mwenyewe, amwambie mama yangu ukweli. Alikubali, akaondoka asubuhi, jioni akarudi akisema amemaliza. Nikaanza kumwonea huruma tena.

Mama akanipigia simu kesho yake, sauti imechangamka. "Mkwe wangu alikuja. Kumbe ni vumbi la pamba! Kaniambia nisiwe na wasiwasi, hata watoto wa ukoo mbaya wanapona."

Nikaketi chini. Nikamweleza yote mwenyewe, ya Nkoma na ya shangazi, bila kuruka kitu.

"Na siku ile ninaomba radhi," mama aliuliza polepole, "yeye alikuwepo, siyo?"

"Alikuwepo, mama."