Nilitia kilio cha mama kwenye filamu ya angani

Sitaanza kwa kujitetea. Kosa ni langu, nilifanya nikijua, na mama wa rafiki yangu ametolewa nyumbani kwake kwa sababu yangu. Wazee wa ukoo niliwadanganya. Ninyi nawaambia ukweli kwa sababu hamnijui, na aibu ya mtu asiyejulikana inabebeka kidogo.

Mimi ni mtu wa kutangatanga. Shule niliiacha darasa la sita. Sikufukuzwa, nilishindwa tu kukaa. Nimepakia malori Vurra pale forodhani, Uganda inapopakana na Congo, nimepaka rangi nyumba za watu Arua, nimetengeneza simu Koboko. Kila kitu nataka kujua ndani yake kuna nini. Redio nilizofungua ni nyingi, na baadhi hazikufungika tena!

Filamu zile nilikutana nazo Koboko, kwenye kibanda cha kuonyesha filamu cha bwana mmoja, nimwite Taban, ingawa si jina lake. Zilikuwa sita, hadithi moja ndefu. Sayari imekauka maji, watu wanapanda chombo kwenda kutafuta nyota nyingine, na nafasi haziwatoshi wote. Nilikuwa naenda kurekebisha spika, nikajikuta nakaa mpaka mwisho. Nikazitazama mpaka nikaanza kuzigombeza. Ndefu mno! Maroboti yanafanya mzaha hata watu wakifa! Na ule muziki, tarumbeta na vinanda vya jeshi zima, unakusukuma ulie kabla hujajua unamlilia nani.

Nikasema, hii filamu nitaitengeneza mwenyewe.

Nilijifunza kukata na kuunga kwa kompyuta ya Taban. Huko mtandaoni niligundua kwamba wako mashabiki dunia nzima wanaofanya kazi hiyo hiyo, wanazikata filamu wanazozipenda na kuzishona upya, hawalipwi na mtu. Nilifurahi kama mtu aliyepata ukoo! Kwa miezi minane nilizikata filamu tatu za kwanza, nikapata moja ya saa mbili. Maroboti nikayatupa. Muziki nikautoa wote.

Lakini ukiutoa muziki, unaondoka na milio mingine: milango, injini, upepo. Ikabidi nitengeneze yote upya. Mngurumo wa chombo ni mashine ya kusaga mihogo, niliirekodi simu ikiwa ndani ya jerikeni. Mlango wa chombo ni geti la ghala moja la Vurra. Muziki nilipigiwa na mpiga adungu wa kanisani, kile kinubi cha kwetu, na zile nyuzi zake zilikaa vizuri kuliko tarumbeta zote. Jamani, nilijiona fundi!

Tukio moja tu lilinishinda. Mama mmoja amebaki nje ya chombo, mwanawe yuko ndani, na kapteni anafunga mlango. Adungu ilikuwa tamu mno pale. Nikajaribu kuacha kimya, watazamaji wakadhani spika imekufa, wakapiga miluzi.

Sasa niwaambie kuhusu Andama. Hilo nalo si jina lake. Tulipanga chumba kimoja mtaa wa Oli pale Arua, yeye fundi baiskeli, mimi fundi wa kila kitu na wa hakuna. Kila Jumapili tulikwenda kula kwa mama yake, kijijini Manibe. Mama alinipenda. Akiniona tu anacheka: "Mutoto ya barabara amekuja! Leo barabara ilikuchoka?" Kisha ananipa kibao nikalie, na sahani yangu inajazwa kuliko ya mwanawe.

Mwaka jana Andama akiwa kule kwao, tumbo lilimkamata. Katika boma lile pikipiki ilikuwa moja tu, ya mdogo wa marehemu baba yake. Sisi wote tulimwita Baba Mdogo. Pikipiki haikutoka. Andama aliwekwa kwenye baiskeli, wakamsukuma kuelekea hospitali ya Arua, akafia njiani.

Siku ya maziko Mama alilia kwa wimbo, kwa Kilugbara, lugha yao, kama wanawake wa kule wanavyolia. Alizunguka kaburi, akamuuliza mwanawe maswali, akamjibia. Halafu akamgeukia Baba Mdogo. Akamwita kwa jina lake, jina lenyewe, mara tatu, akamuuliza ile pikipiki anamwekea nani. Hakuna aliyemnyamazisha. Baba Mdogo aliinamisha kichwa, ameshika jembe, akamwacha aseme. Siku chache baadaye walikaa pamoja na wazee, wakala sahani moja, na neno lile likaishia pale. Ni yeye Baba Mdogo aliyemlimia shamba lake la mihogo msimu ule.

Mimi simu yangu ilikuwa kwenye mfuko wa shati, inarekodi. Narekodi kila kitu, malori, vyura, mvua kwenye mabati. Ndivyo nilivyo. Sikuwa na nia yoyote mbaya siku hiyo, naapa!

Nia ilikuja baadaye.

Niliuweka wimbo wa Mama kwenye tukio la mlango. Ulikaa kama uliimbiwa pale! Na hapa ndipo nilipowadanganya wazee. Niliwaambia kwamba mimi ni Mkakwa wa Koboko, Kilugbara changu ni cha sokoni, nilisikia sauti tu sikuelewa maneno. Uongo! Nilielewa. Jina la Baba Mdogo nililielewa, na neno pikipiki nani asiyelielewa? Tena nikafanya makusudi. Nilivuta wimbo mbele kidogo, nikarudisha nyuma kidogo, mpaka lile jina likaangukia sawasawa pale mlango unapogonga. Nilifanya hivyo kwa sababu lilipendeza. Sababu nyingine sina.

Mama sikumwambia. Nilijiambia kwamba yeye hatazami filamu.

Taban alipoliona tukio lile aliinuka kwenye kiti. "Wewe! Hii sauti umetoa wapi? Inapiga mutu kwa roho!"

"Nilirekodi."

"Rudisha nyuma. Weka tena pale mulango nafunga."

Jumamosi ya kwanza ya kuionyesha hivyo, kibanda kilinyamaza kabisa. Hata wauza karanga waliokuwa mlangoni walisimama kutazama. Nilisimama nyuma, nimejaa furaha. Maisha yangu yote sijawahi kumaliza kitu, na hiki nilikimaliza.

Jumamosi ya tatu watu walikuwa wameshalijua lile jina. Mlango ulipogonga, kibanda kizima kikapaza sauti pamoja na Mama, kikaliita jina, kikaangua kicheko. Mtafsiri wa filamu, yule anayeeleza hadithi kwa kipaza sauti, naye akalidaka. Tangu siku hiyo kapteni yule, mzungu wa angani, akawa anaitwa kwa jina la Baba Mdogo kuanzia mwanzo wa filamu hadi mwisho. Watoto wakawa wanacheza barabarani, mmoja anafunga mlango wa hewa, wengine wanamzomea kwa jina lile lile.

Ningeweza kusimamisha hapo. Taban angenisikia. Nilicheka na wao.

Filamu ikatoka Koboko kwenye flashi na simu za watu. Mtu mmoja, sijui nani, akakata kipande kile cha mlango peke yake, kifupi, rahisi kutuma. Kikafika Arua. Kikavuka mpaka kikaenda Congo. Kikafika Manibe.

Baba Mdogo akipita senta, pale penye maduka, vijana walikuwa wanamwita: "Kapteni! Fungua mulango!"

"Kapteni, mama iko nje!"

Mwanzoni alicheka nao, akidhani ni mzaha wa vijana tu. Halafu mpwa wake akamwonyesha kwenye simu. Wanasema alikaa chini pale pale penye vumbi. Alisikia jina lake kwa sauti ya mke wa marehemu kaka yake, na nyuma ya sauti hiyo watu wanacheka.

Ukoo ukakaa. Wengi walisema Mama ameuza sauti yake ili amwaibishe shemeji, kwamba ile sahani moja aliila kwa unafiki. Mama hakuelewa hata wanazungumza nini, filamu gani, anga gani. Nilipopata habari nilikwenda mwenyewe. Nikasimama mbele yao, nikatoa ule uongo wangu wa kutojua Kilugbara.

Mzee mmoja akaniambia, "Basi, wewe naliweka hiyo kitu. Toa."

"Haitoki, mzee."

"Namna gani haitoki? Mukono iliweka, mukono itoe."

"Iko kwa simu za watu."

"Watu gani?"

"Sijui."

"Wako wapi?"

"Sijui, mzee."

Aliniangalia kama mtu anayemwangalia mgonjwa.

Ndipo Baba Mdogo aliposema, kwa upole, jambo ambalo lilinimaliza. "Ile siku pikipiki ilikuwa mubovu. Waya ya klachi ilikatika siku mbili kabla. Huyu mama anajua. Yeye mwenyewe alinisaidia kusukuma, tukaingiza ndani ya nyumba."

Wote wakamgeukia Mama.

"Ni kweli," Mama akasema. "Nilijua."

"Sasa kwa nini uliimba vile?"

"Mutoto yangu alikuwa kwa shimo. Ulitaka niimbe nini?"

Na mimi nikaelewa nimefanya nini. Waliokuwa msibani walijua mama analia, na mtu akilia hivyo hashikwi kwa neno lake. Mimi nilichukua kilio nikakigeuza ushahidi, nikakipeleka kwa watu wasiojua klachi wala pikipiki wala Andama. Wakahukumu!

Wazee waliamua Mama arudi kwa kaka zake mpaka jina la Baba Mdogo lisafike. Litasafika lini? Nani atalisafisha? Aliondoka na mkeka, sufuria mbili na kuku mmoja. Mimi nikakatazwa kukanyaga boma lile. Na kaburi la Andama liko humo humo bomani, nyuma ya nyumba ya Mama.

Nilikwenda kwa Taban, akafuta mbele yangu bila ubishi. "Mimi nafuta, ndugu yangu. Lakini kesho mutu atakuja nayo kwa flashi, nitamufukuza?" Nikatengeneza nakala nyingine, tukio la mlango nikaliwekea adungu. Nikaigawa bure kwenye vibanda. Baada ya wiki wakanirudishia. "Hii iko mubovu. Haina ile jina."

Nimezunguka Arua, Vurra, Koboko, nikiomba watu wafute. Wengine wanafuta kwa huruma. Mmoja aliniuliza kipande hicho kikoje, hajakiona, kisha akaenda kukitafuta! Nikaacha kuomba. Kila nikiomba natangaza.

Mwezi uliopita nilijikaza nikaenda kwa Mama, huko kwa kaka zake. Nilimkuta anapepeta ufuta. Hakuniita mutoto ya barabara. Alisogeza ungo kidogo nipate pa kukaa.

Akauliza bila kunitazama, "Ile siku kwa kaburi, ulisikia vile nilisema jina yake?"

"Nilisikia, Mama."

"Ulielewa?"

Wazee wote niliwadanganya, lakini pale ulimi ulikataa. "Nilielewa."

"Na ukaweka."

"Niliweka. Ilipendeza."

Alipepeta muda mrefu. Ufuta unaanguka, makapi yanaruka. Laiti angenitukana! Laiti angenipiga na ule ungo!

Mwishoni aliuliza kitu kimoja tu. "Sasa mvua imekuja. Nani nang'oa majani kwa Andama?"

"Sijui, Mama."

"Na wewe hapana weza kwenda."

"Siwezi. Wamenikataza."

"Ndiyo. Na mimi." Akarudi kwenye ufuta wake.

Wewe unayependa kukata filamu, kuunga sauti, kurekodi watu kwa simu mfukoni, nisikilize! Usichukue sauti ya mtu aliyelia ukaifanya pambo. Nenda kwanza kwa mwenyewe, mwambie unataka kuiweka wapi na nani watasikia. Akikataa, acha. Akikubali, muulize tena kesho yake. Na kama ndani yake kuna jina la mtu, nenda kwa huyo pia. Usijidanganye kwamba hatasikia. Nakwambia atasikia, na wewe utakuwa wa mwisho kujua.

Tangu nitoke kwa Mama nimekuwa na wazo moja. Kati ya mnaosoma hapa lazima yupo anayepita Manibe. Ningemwomba aingie mara moja tu, ang'oe majani yale, aondoke. Kazi ya dakika chache, hata jembe halihitajiki. Lakini ili afike ingebidi nimtajie boma la nani, na barua hii watu wataitumiana kama walivyotumiana kile kipande. Kwa hiyo sitaji. Na majani yanaota.