Ngazi Hukaushwa Kuanzia Juu

Marehemu mke wa fundi lifti hakuwa mtu wa kuambiwa "njoo kesho" akaenda zake. Kazi yake ilikuwa kupiga deki ngazi. Jengo lilikuwa na ghorofa kumi na moja, ofisi juu ya ofisi, na ngazi zote zilikuwa zake kwa miaka ishirini na tisa. Lifti ilikuwa ya mumewe. Watu walimwita Bi Subiri, maana kila aliyetaka kupita penye maji aliambiwa, "Subiri ikauke." Karani alisubiri. Meneja alisubiri. Fundi naye, siku lifti ilipomgomea akashuka kwa miguu, alisubiri. Alisubiri sana, wakazungumza, na mazungumzo yakazaa ndoa.

"Ungekuwa fundi wa kweli," mkewe alizoea kumtania, "lifti isingekwama, na mimi leo ningekuwa kwetu."

Kwenye chumba kidogo cha kuwekea ndoo alibandika karatasi ya kalenda ambayo mwaka wake ulishapita zamani. Picha yake ilikuwa ya mnara wa mawe, mji mzima ukiwa chini yake. Kila asubuhi akikamua dekio aliutazama. Akasema ataupanda. Alilisema kama mtu anayesema atakwenda sokoni.

Walipostaafu, binti yao, mfanyakazi wa shirika la ndege, akawapatia tiketi mbili zile wanazopewa wazazi. Siku tano ng'ambo. Mama mtu akachagua mji, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Mvua iliwapokea uwanja wa ndege na haikuwaacha. Si ile ya kumwaga ikaisha. Ni ile nyembamba, ya upande upande, inayoingia shingoni. Siku ya kwanza walikwenda mnarani, wakakuta mnyororo mlangoni. Siku ya pili, mnyororo. Siku ya tatu wakatazama jumba la makumbusho na daraja, wakarudi, mnyororo. Hotelini chumba kilijaa soksi: juu ya taa, juu ya kiti, dirishani. Hata moja haikukauka.

"Daraja tumeliona," alisema fundi siku ya nne, akijifuta masikio kwa taulo. "Picha kubwa kubwa za watu walionuna tumeziona. Mnara tuutazame kwa nje, yatosha."

"Kwa nje nimeutazama miaka kumi na minne."

"Na magoti yako?"

"Magoti ni yangu."

Siku ya tano ndiyo ilikuwa ya mwisho. Kesho yake ndege. Walifika mapema, wamevaa mifuko ya plastiki ndani ya viatu. Mnyororo upo. Nyuma yake alikaa mlinzi, mwanamke wa makamo, mkono wa kulia umefungwa bandeji na kuning'inizwa shingoni. Ndoo na dekio vilikuwa ukutani, vikavu kabisa.

Bi Subiri akaonyesha juu kwa kidole. Mlinzi akatikisa kichwa, akamulika ngazi kwa tochi. Madirisha ya mnara hayakuwa na vioo, mvua iliingia itakavyo, na kila kidato cha jiwe kilimeta maji. Mlinzi akaigiza mtu anayeteleza, akaupiga piga mkono wake mbovu. Halafu akapuliza vidole: mpaka ngazi zikauke.

Fundi akaangua kicheko. "Leo umekutana na mwenzio. Anakwambia usubiri."

Mkewe hakucheka. Alikuwa akilitazama lile dekio.

"Na anayekausha ni nani?" aliuliza, na mikono yake ikauliza kwa lugha ya watu wote. Mlinzi akaunyanyua kidogo mkono wa bandeji, akaushusha. Hakuna.

Bi Subiri akavua koti, akashika ndoo. Mlinzi akasimama, akasema maneno mengi. Bi Subiri akamwonyesha viganja. Yule mwanamke akavishika, akavigeuza, akazipapasa sugu chini ya vidole. Viganja vile havikuhitaji mkalimani. Hata hivyo akayatazama magoti ya mgeni wake, akamwonyesha vidato vya chini: kausha hapa, basi.

"Huyu naye," Bi Subiri akasema. "Ngazi hukaushwa kuanzia juu. Ukianza chini unaikanyaga kazi yako mwenyewe."

Akaonyesha juu tena. Mlinzi akamtazama, akamtazama, akaufungua mnyororo.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alinong'ona fundi.

"Beba ndoo."

Ngazi yenye maji aliijua. Unakanyaga kwa upande, ukutani, kidato kinapokuwa kipana, wala huharakishi. "Kanyaga ninapokanyaga," alimwambia mumewe. Kila dirisha lilikuwa na kibao cha kufungia, bawaba zimeshika kutu, kazi isiyowezekana kwa mkono mmoja. Fundi akazibembeleza, akazitukana, zikakubali. Mvua ikabaki nje.

"Mnara gani huu, hauna hata tundu la lifti?"

"Panda."

"Mimi nimestaafu."

"Panda, mzee."

Walipofika juu, fundi alidhani mkewe atakimbilia ukingoni. Wapi. Alikipa kilele kisogo, akachovya dekio.

"Hutazami?"

"Niko kazini."

Wakaanza kushuka, yeye kinyumenyume, fundi chini yake akikamua. Vidato mia mbili na kumi na nane. Fundi alikuwa na mkono mmoja tayari mgongoni kwa mkewe, asije akaanguka. Mwaka ule haukuisha akiwa naye, lakini siku hiyo nani alijua. Mgongo ulikuwa wa moto, umelowa jasho, na haukupumzika.

Chini, mlinzi akapapasa vidato kwa soli ya kiatu, akaitikia kwa kichwa. Watalii wachache waliokuwa wakisubiri na miavuli wakaanza kupanda. Fundi akajibwaga kwenye benchi.

"Haya, twende," mkewe akasema.

"Hotelini?"

"Juu."

"Si ndiko tulikotoka?"

"Nilikuwa kazini. Mtu akiwa kazini haoni kitu."

"Mama, miguu yangu imekwisha. Nakungoja hapa."

"Haya, kaa."

Akaenda. Fundi alisikia hatua zake zikizunguka, zikififia. Miaka yote ile alikaa ndani ya sanduku lake la chuma, akishuka na kupanda, akisikia ndoo ya mkewe nje ya mlango, ghorofa hii, ghorofa ile. Akapiga moyo konde, akasimama.

Alimkuta kwenye dirisha la pili, amekaa kwenye kidato, ameshika goti. Mkewe hakuuliza kilichomleta. Alinyoosha mkono tu.

"Nivute."

Akamvuta. Vidato kumi, wanakaa. Vidato kumi, wanakaa. Watu wakawapita wakipanda, wakawapita tena wakishuka.

Juu mvua ilikuwa ileile. Mji ulikuwa mapaa ya kijivu, moshi, mto, na basi dogo kama kiberiti linakata kona. Bi Subiri aliweka viwiko kwenye jiwe lililolowa, akatazama. Fundi akamwonyesha daraja. Akamwonyesha hoteli, labda ndiyo, labda siyo. Mkewe alilifuata basi kwa macho.

Kengele ikalia chini. Wengine wakashuka.

"Wanafunga," alisema fundi.

"Bado."

Ikalia mara ya pili.

"Mama, atapanda kutufuata yule, na mkono wake mbovu."

"Apande," mkewe alisema, macho yako mjini. "Ngazi ni kavu."