Chaki Juu ya Rangi Mpya

Kamati ya Magari ya Kale ya Mashindano, baada ya kikao kilichokatizwa mara mbili kwa ajili ya chai, imeridhika na inautangazia umma kwamba gurudumu lolote la chuma lililopakwa rangi upya na kubandikwa muhuri wa kamati ni salama kwa mbio.

Tangazo lilimkuta fundi tunayemwita Chaki amelala chali chini ya gari la mpwa wake. Alilisoma lote, akalikunja vizuri, akafutia mikono.

Kwa miaka thelathini na mmoja amepima magurudumu kwa njia moja. Anakwangua rangi, anapaka mafuta ya taa, anasubiri, anafuta mpaka pakauke, kisha anapaka unga wa chaki. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha humo hujitokeza na kuchora mstari.

Mpwa wake, mwalimu wa hesabu, alikuwa amezingoja mbio hizi miaka sita, tangu arithi gari la marehemu baba yake. Mama yake alimruhusu kwa sharti moja tu: kaka yake, yaani Chaki, aseme sawa.

"Mjomba, yote manne yana muhuri."

"Naona. Na rangi inapendeza."

"Basi tufunge."

"Kwangua."

"Rangi ya juzi hiyo, Mjomba."

"Afadhali. Haijashika sana."

Matatu yalitoka safi. La nne, mstari mwembamba kama unywele ulianzia kwenye tundu la nati ukaelekea la pili.

"Mbio ni keshokutwa," mpwa alisema taratibu.

"Ufa hauna habari hiyo."

Magurudumu ya aina ile hayauzwi tena popote. Mpwa alikaa juu ya tairi kuukuu. Chaki akazunguka nyuma ya nyumba, akarudi na gurudumu lenye kutu, mkewe akimfuata na chungu mikononi.

"Hicho ni kigoda cha maua yangu."

"Nakiazima."

"Ndivyo ulivyosema kuhusu jiko."

Marehemu ndiye aliyeliacha gurudumu hilo pale, akiba ya gari lake. Walikwangua, wakapaka, wakasubiri. Mke alibaki amesimama na chungu chake kama anayengoja majibu ya mtihani. Unga wa chaki ukabaki mweupe, bila mstari.

"Mpigie mama yako," fundi alisema. "Mwambie kaka yake amesema sawa."

"Na maua yangu?"

Akamsogezea lile lenye ufa. "Weka juu ya hili. Lina muhuri."

Mpwa alimaliza wa saba kati ya tisa, na magurudumu yake yote manne, jambo ambalo mama yake aliliita ushindi.

Kabla ya mbio zilizofuata, magari sita yalipanga foleni nje ya karakana. La tatu lilikuwa la mwenyekiti wa kamati. Rangi alikuwa ameshaikwangua mwenyewe.