Wimbo Uliouzwa Kama Ng'ombe

Mume wangu alipofariki aliacha kompyuta moja na nyimbo alizorekodi mwenyewe chumbani kwetu, mtaa wa Misunkumilo. Mimi niliishia darasa la saba, lakini alikuwa amenifundisha kuziuza. Nikafungua kiduka, nikaandika kwenye ubao nje: PAKUA NYIMBO, HAZINA KUFULI. Yaani ukishanunua wimbo ni wako, mrushie yeyote, uhamishie simu yoyote, hakuna kitakachokuzuia.

Asubuhi moja akaingia mzee wa Kisukuma, mfugaji kutoka Kakese, na fimbo yake. Akachagua wimbo ambao hakuna aliyewahi kuununua, kwa sababu katikati mume wangu anakohoa, halafu anajicheka. Nikamwekea kwenye simu, akalipa. Hakuondoka.

"Sasa mama, mtoe kwako."

"Nani, baba?"

"Wimbo. Si nimeshamnunua?"

Nikamweleza kuwa hiyo ni nakala, yeye anao na mimi ninao. Akanitazama kama mtu anayeibiwa huku anaona.

"Umeandika pakua. Ukinipakulia ugali, uleule unabaki sufuriani? Nikikuuzia ng'ombe, jioni nije nimkamue tena?"

Wateja wawili waliokuwa dukani wakaangua kicheko. "Mama, leo umebanwa!"

Mimi sikucheka. Kweli sikumwambia kabla hajalipa kwamba nitabaki nao. Nikataka kumrudishia hela, akakataa, wimbo ameupenda. Basi nikaufuta huku anasimamia.

"Bado upo kwenye pipa la taka la kompyuta," mteja mmoja akanichongea.

Nikalimwaga na pipa.

Hapo ndipo machozi yaliponitoka. Mzee akauliza kuna nini. Nikamwambia anayekohoa humo ni marehemu mume wangu, na kikohozi kile sina mahali pengine.

"Pole, mama. Nyie watu wa mjini mbona hamsemi?" Akageuza simu mkononi. "Huyu hana kufuli, si ndiyo?"

"Hana."

"Basi nakukabidhi umtunze. Maziwa kunywa, ila usimuuze."

Kwao ng'ombe huwekwa kwa jirani hivyo: anamlisha, anamkamua, lakini si wake. Nikaurudisha wimbo kwenye kompyuta, wale wateja wawili wakiwa mashahidi.

Tangu hapo kila siku ya mnada mzee hupita kumkagua. Namfungulia, anasikiliza mpaka mwisho ameinamia fimbo.

"Hajakonda," anasema, anakwenda zake.

Mtu mwingine akiutaka namwambia ukweli: huo si wangu, mimi nalisha tu.