Bata wa Mama Ngabo na Tangi la Jirani

Damascène alimkamata Mama Ngabo kisogoni, akauzamisha uso wake ndani ya tangi, katikati ya samaki waliokufa.

"Kunywa! Kunywa sumu yako mwenyewe!"

Akamtoa, akamzamisha tena. Watu waliojaa uani walipiga kelele, "Anywe! Anywe yote!"

Mama huyo jina lake ni Nyirabizimana, mjane wa Kivu ya Kusini, mwanakwaya wetu. Hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi ya Uganda, aliishi ua mmoja na Damascène, Mrundi, baba wa Inès, na mkewe Bernardine. Damascène alikuwa amefundishwa kufuga samaki aina ya ngege ndani ya tangi la plastiki. Pampu ndogo ya sola hupandisha maji ya samaki mpaka kwenye vitanda vya changarawe vilivyopandwa mboga, mboga zikala uchafu, na maji yakarudi tangini yakiwa safi. Mama Ngabo yeye alikuwa na bata. Waya wa kuku uliugawa ua: bata huku, tangi kule.

Sasa, kule Kivu mwenye bwawa la samaki hujenga banda la bata juu ya maji kabisa. Mavi yakianguka, maji yanakuwa ya kijani na samaki wananenepa. Mama Ngabo alipowaona samaki wa jirani wamekonda, akawahurumia. Damascène na mkewe walipokwenda kulima Ngarama, wakilala hukohuko, yeye aliukunja waya kila asubuhi na kuwaachia bata waogelee tangini. Hakumwambia mtu. Alilelewa kwamba ukitenda jema mbele ya Mungu, hulitangazi.

Lakini bwawa ni kubwa na lina udongo. Tangi ni dogo. Mavi yakazidi, maji yakaoza, na Damascène aliporudi alikuta samaki wote wanaelea, matumbo juu.

"Nani alikuja hapa?" aliuliza.

Jirani mmoja, Mutware, akajibu, "Mie nilimuona Mama Ngabo ameinama hapo, anaangalia nyuma kama mwizi."

Kwa watu tuliotoka kule, neno sumu likishatajwa, hakuna anayeuliza mara ya pili. Ndiyo maana ua ulijaa upesi hivyo.

Damascène alipomwachia, mama alianguka chini akitapika. "Baba Inès," akasema, "sikutia kitu kibaya. Nilikuwa nasaidia samaki."

"Kusaidia!" Mutware akacheka. "Mumesikia? Amebasaidia mpaka mbinguni!"

Jiwe likampata mdomoni, jino likatoka na damu. Jingine likampata ubavuni. Damascène akachukua panga, akaingia kwa bata. Akakata shingo, akakata migongo, manyoya yakaruka, bata wakakimbia bila vichwa wakigonga ukuta. Mama Ngabo akatambaa, akamkumbatia mmoja kifuani. Panga likashuka, likamkosa bata, likazama katika mkono wake wa kulia hadi kwenye mfupa.

Hapo Bernardine akafika kutoka bombani. Alitupa dumu la maji, akamlalia mama yule mwilini.

"Nikate mimi basi! Damascène, huna macho? Tazama hayo maji! Yamejaa manyoya na mavi ya bata. Sumu gani hiyo?"

Damascène akatazama. Panga likamtoka mkononi. Watu wakaanza kuondoka kimyakimya, na mmoja wao akaondoka na bata aliyekufa kwapani.

Mama Ngabo alipelekwa hospitali Mbarara, kisha akapumzika kwa mwanawe Ngabo, fundi wa kuchomelea vyuma kule Ruti. Mkono ulipona ila haunyooki.

"Nakwenda kumkata na mie," Ngabo akasema.

"Utanirudishia mkono? Narudi Nakivale, mwanangu. Nikibaki hapa, batasema nilikimbia. Nitakufa naitwa mutu wa sumu."

Akarudi. Alikuta Damascène amesugua tangi na kulifunika kwa wavu. Banda la bata alilijenga upya upande wa bondeni, lenye beseni lao la kuogea, na mfereji wa kupeleka maji yao machafu migombani, mbali na samaki na mboga. Walikuwemo bata wapya. Damascène alimpigia magoti Mama Ngabo, akasamehewa. Lakini majirani bado walimwogopa mama kwa sumu, hawakugusa kikombe chake. Kina mama walikwepa hata kivuli chake.

Basi siku moja mchana alimkanyaga bata mabawa, akamchinja kwa mkono wa kushoto, akampika, akamwita Damascène ale. Watu wakajaa nje ya ua kutazama. Desturi yetu ni kwamba anayepakua huonja kwanza, mgeni aone hakuna sumu.

"Aonje yeye kwanza!" Mutware akapaza sauti.

Mama Ngabo akainua kijiko. Damascène akamnyang'anya bakuli, akala kabla yake, akimeza nyama bila kutafuna, mchuzi ukimchuruzika kidevuni pamoja na machozi. Kisha akamgeukia Mutware.

"Ingia ule, ama funga huo mdomo, nisije nikaufunga mimi!"

"Baba Inès, hapa kwangu hutishi mutu," Mama Ngabo akamwambia. "Kula."

Akala. Mutware hakuingia. Mkewe ndiye aliyefungua mlango wa ua, akaketi chini karibu na sufuria, akaomba kijiko.