Drahomíra Aingia Kikosini

Drahomíra Vlčková alikuwa mfungashaji wa biskuti kwenye kiwanda kimoja katika mji wa Vyškov, na mumewe Oldřich alikuwa fundi wa lifti huko Brno. Watoto wao walishapata familia zao wakahama. Nyumbani walibaki wao wawili na redio, na kwa miaka mingi redio ndiyo iliyokuwa ikizungumza. Oldřich hakuwa mtu mbaya. Hakuwa mlevi, hakumwinulia mtu mkono, mshahara aliuleta. Ila aliingia, akavua viatu, akala, na ukimuuliza habari za kazini alikujibu kwa kupandisha mabega.

Mwisho wa wiki alitupa gunia la sare ndani ya gari akaenda kuigiza vita vya kale. Kikosi chetu kilikuwa cha askari wa miguu wa Kifaransa, wale waliopigana Slavkov, karibu na kwetu, mwaka 1805, ingawa hatukuwa na Mfaransa hata mmoja. Tulikuwa madereva, walimu, watu wa benki. Mimi nilipiga ngoma. Oldřich alikuwa sajini wetu. Drahomíra alijua hayo tu, na moyoni alishaamini kwamba huko kuna mwanamke.

Jumamosi moja ya mwezi wa Mei Oldřich alisahau dawa zake za presha mezani. Drahomíra akapanda basi akamfuata hadi kwenye kijiji tulikopiga kambi. Alipokaribia mahema alisikia mwanaume akiimba na kucheka kwa sauti nene, na watu wakimwitikia. Alisimama kusikiliza, na kwa mara ya kwanza maishani akamwonea wivu mke wa mtu asiyemjua. Kisha moshi wa moto wa kambi ukapungua, akaona ni nani.

Oldřich alikuwa amepiga goti mbele ya kijana mgeni aliyekuja kambini siku hiyohiyo, akimfunga vifungo vya soksi ndefu za kitambaa, akimtania kwamba kwa miguu kama ile adui atadhani tumeleta korongo. Alimfunga taratibu, kama mtu anayemvalisha mtoto wake. Drahomíra alimwachia dawa Ludmila, mshonaji wetu wa sare, akarudi kituoni bila kuonekana.

"Angekuwa na mwanamke ningejua la kufanya," aliniambia baadaye. "Ningegombana naye, au ningeondoka. Sasa nigombane na nani? Na hema?"

Hakugombana. Alimtafuta kapteni wetu, Zbyněk Hanák, ambaye siku za kazi ni daktari wa meno, akamwambia anataka kujiunga. Hanák alifurahi, kwa sababu tulikosa mwanamke wa kuigiza wale waliofuata jeshi wakiuza supu na pombe. Hakufikiria kumuuliza Oldřich kwanza. Oldřich alipata habari mezani, mbele ya sahani ya viazi, na ndipo mabega yake yalipokataa kupanda.

"Kule si mahali pako," alisema.

"Basi nionyeshe mahali pangu," Drahomíra akamjibu. Oldřich akainuka akaenda kulala.

Kujiunga si jambo la kuvaa nguo na kutokea uwanjani. Ludmila alimpa kitani na sufu, akamwonyesha mfano wa gauni, akamwambia mishono yote ni ya mkono. Drahomíra, aliyezoea kasi ya mashine za kiwandani, alishona ile ya nje kwa mkono na ile ya ndani kwa cherehani, akidhani hakuna atakayeligeuza gauni. Ludmila aliligeuza. Alichukua mkasi akaifumua mishono yote, kisha akamkabidhi sindano. Zipu ni marufuku, saa ya mkononi ni marufuku, miwani yake ya plastiki pia. Kambi yake ya kwanza aliipitisha haoni vizuri. Aliunguza supu ya vitunguu saumu, na cheche ikamtoboa sketi. Wanaume waliila supu hivyohivyo, wakisema Wafaransa wa kweli walikula vibaya zaidi.

Jioni ile Oldřich alikuja na bakuli lake kama wengine. Mimi nilikuwa nimekaa karibu, nikikausha ngozi ya ngoma. Alivua kofia, akainama kidogo.

"Wewe mama ni mgeni hapa kwetu," alisema. "Unaitwa nani?"

Drahomíra alimtajia jina. Oldřich akamwambia jina ni zuri, akamuuliza ametoka wapi, kama barabara ilikuwa na matope, kama askari hawamsumbui. Akamsifia supu ile iliyoungua. Watu waliokuwa karibu walipiga makofi, maana mchezo ulikuwa umenoga. Drahomíra alijibu yote. Kisha akamwongezea upawa mwingine wa supu.

Kesho yake walirudi nyumbani kwa gari moja, na Oldřich hakusema neno hadi Vyškov. Walipofika mlangoni Drahomíra alimuuliza yule wa jana yuko wapi.

"Yule ni sajini," alisema Oldřich.

"Na mimi nimeolewa na nani?"

Oldřich alikaa kwenye ngazi akiwa na gunia mapajani. Akamjibu, na ndilo jibu refu zaidi alilompa kwa miaka mingi. Alisema hapa nyumbani kila mtu ameshamjua na kumaliza kumjua; hata akisema jambo jipya, wanasikia lile la zamani. Kule hakuna anayemdai awe Oldřich. Drahomíra aliniambia kwamba neno hilo lilimuuma, na kwamba alilielewa, na hakujua lipi kati ya hayo mawili lilikuwa baya zaidi.

Aliendelea kuja. Sindano ilimkubali, supu ikanoga, akajua kuwasha moto kwa jiwe na chuma. Kadiri alivyozoea ndivyo Oldřich alivyopungua. Nyimbo zilipungua kwanza, kisha utani. Sajini alikuwa sasa akitoa amri na kukaa kimya, na sisi wengine hatukuthubutu kuuliza.

Desemba tulikwenda Slavkov kwenye maigizo makubwa. Ardhi ilikuwa imeganda, watazamaji wamejaa mteremko mzima. Oldřich alipangiwa kuanguka mizinga ikipigwa mara ya pili, naye akaanguka vizuri, kama kawaida yake. Mwisho tarumbeta ikalia, na maiti zote zikainuka zikicheka na kujipangusa theluji. Yeye hakuinuka.

Drahomíra alikimbia kutoka kwenye mkokoteni wake wa supu, na mimi nikamfuata. Oldřich alikuwa macho, anapumua sawasawa, anaangalia mawingu.

"Simama, Olda, utapata baridi," Drahomíra alimwambia.

"Niache nilale kidogo."

"Watu wanatuangalia."

"Huku nako umenikuta," alisema, bila hasira. "Sasa niende wapi, Draha?"

 Drahomíra alikaa kwenye theluji kando yake na kushika mkono wake. Watazamaji walidhani ni sehemu ya mchezo. Wengi waliwapiga picha, na mwanamke mmoja alilia. Hatimaye Oldřich aliinuka mwenyewe, akatembea hadi kwenye gari. Wiki iliyofuata alimrudishia Hanák sare na bunduki.

Drahomíra alisema na yeye ataacha. Alikuwa ameshakunja gauni. Oldřich akamwambia asifanye hivyo, kikosi hakina mpishi mwingine. Basi akaendelea, na huu sasa ni mwaka wa tatu. Oldřich humbebea chungu hadi kwenye gari. Wakati mwingine huuliza sajini mpya ni mtu wa namna gani, naye humwambia kwamba anapiga kelele sana. Hapo Oldřich hutabasamu kidogo, kisha huingia ndani.

Kambini Drahomíra ndiye anayeanzisha nyimbo siku hizi. Wageni wakija, huwafunga vifungo na kuwatania. Mwezi uliopita, tukiosha vyungu, aliniambia kwamba akirudi nyumbani huwa amechoka kuzungumza. Oldřich humuuliza kulikuwaje, naye hujikuta hana la kumwambia. Alikuwa akikwangua masizi chini ya chungu, na hakuinua uso.